Tathmini ya bomba la nyuzi za kioo chini ya presha inayopanda na kushuka

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni bomba la presha linalotengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini (gundi ya plastiki inayoganda) na kuzungushwa juu ya kalibu, yaani lile ambalo mafundi wengi hulijua kwa jina la bomba la faibaglasi. Sifa zake za kawaida zimekwisha kuelezwa mara nyingi: haliliwi na kutu, uzito wake ni karibu robo ya uzito wa chuma chenye ujazo uleule, na ukuta wake wa ndani ni mwororo kiasi kwamba maji hupita bila kupoteza nguvu nyingi. Sifa hizo ni za kweli, na sitazirudia. Ninachokitathmini ni jambo moja ambalo wauzaji huligusia harakaharaka na wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa: bomba hili hubaki na nguvu kiasi gani baada ya presha kupanda na kushuka ndani yake mara elfu, mara laki, mara milioni?

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asisumbuke. Ni bidhaa nzuri sana kwa kazi hiyo, na katika hali kadhaa ni bora kuliko chuma, mradi mnunuzi alichague kwa kipimo kilichotokana na majaribio ya presha ya kurudiarudia na si kwa presha ya kulipasua. Presha ya kupasua ndiyo namba inayoandikwa kwa herufi nene katika vipeperushi, na kwa mtu anayenunua bomba la kuunganisha na pampu, ndiyo namba yenye msaada mdogo kuliko zote.

Jaribio la kupasua, kama linavyoelezwa katika kiwango cha D1599 cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, huongeza presha mfululizo hadi bomba liharibike ndani ya takriban dakika moja. Katika dakika hiyo kazi kubwa hufanywa na nyuzi, na nyuzi za kioo ni hodari: uzi mpya usio na mkwaruzo huhimili mkazo wa kuvutwa unaozidi megapaskali 2,000, ambao ni mara kadhaa ya mkazo unaovunja chuma cha kawaida cha mabomba. Ndiyo maana namba inayopatikana huwa kubwa na ya kuvutia. Lakini kinachozishika nyuzi hizo pamoja na kuyazuia maji yasipenye kati yake ni resini, na presha inaporudiwa, resini ndiyo huchoka kwanza.

Jambo hili linaonekana kwa macho. Chukua bomba la epoksi, ambayo ni aina mojawapo ya resini, lisilotiwa rangi wala mchanga, lililofanya kazi kwa muda mrefu chini ya presha ya kupanda na kushuka, ulikate pete nyembamba, uipige msasa mwororo, kisha uishike mbele ya taa. Mahali ambapo bomba jipya hupitisha mwanga kwa rangi ya manjano hafifu, bomba lililochoka huwa na michirizi myeupe inayofuata mwelekeo uleule wa nyuzi. Kwa lenzi ya mkononi utagundua kwamba kila mchirizi ni mkusanyiko wa nyufa nyembamba sana zilizokwenda sambamba na nyuzi, nyingine zikipita mpakani kabisa mwa uzi na resini, pale ambapo viwili hivyo viliachana. Pale tabaka moja linapopishana na jingine, ufa husita, hugeuka, na kuanza kutambaa kati ya matabaka hadi ukutane na ufa wa tabaka la pili. Kila makutano ya aina hiyo ni hatua moja ya njia ambayo maji yataipata siku moja kutoka ndani hadi nje.

Njia hiyo inapokamilika, bomba halipasuki. Hutoa jasho. Matone madogo hujitokeza kwenye uso wa nje, hukua taratibu, hudondoka, kisha hujitokeza tena palepale, huku nyuzi karibu zote zikiwa nzima. Ukilifunga bomba hilo mfuko wa mpira kwa ndani na kulipandisha presha, litafika mbali sana kabla ya kupasuka. Hapa ndipo penye kiini cha tathmini hii: bomba la nyuzi za kioo lina nguvu mbili, nguvu ya kuzuia maji na nguvu ya kustahimili presha bila kuvunjika, na mzigo wa kurudiarudia huila ile ya kwanza mapema zaidi kuliko ya pili. Kipeperushi kinachotaja presha ya kupasua peke yake kinamweleza mnunuzi habari za ile nguvu ambayo haitamwangusha.

Kwa upande mwingine, tabia hiyo naihesabu kuwa sifa njema ya bidhaa. Katika chuma, uchovu hujikusanya katika ufa mmoja unaokua kimyakimya hadi siku unapofungua ukuta mzima. Katika nyuzi za kioo uharibifu husambaa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ukakamavu wa ukuta hupungua kidogokidogo na unaweza kupimwa, na jasho hutoa taarifa kabla ya mlipuko. Mtu anayesimamia laini ya mabomba inayopita karibu na watu ana kila sababu ya kuthamini kifaa kinachotoa onyo.

Sasa nguvu hiyo hupungua kwa kasi gani? Kanuni ya makadirio inayotumika sana kwa ukuta wa nyuzi za kioo unaovutwa na kuachiwa ni kwamba kila idadi ya mizunguko, yaani mara ambazo mzigo hupanda na kushuka, inapozidishwa mara kumi, mkazo unaoweza kuhimiliwa hushuka kwa takriban asilimia 10 ya nguvu ya mwanzo. Hivyo mkazo utakaohimiliwa kwa mizunguko 1,000 ni karibu asilimia 70 ya ule unaovunja kwa mvuto mmoja, na kwa mizunguko milioni moja ni karibu asilimia 40. Hayo ni makadirio ya kuvunjika. Nyufa za resini na jasho huanza chini ya hapo. Chuma kikiwa mahali pakavu kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake hakichoki, jambo lililodhihirika tangu August Wöhler alipokuwa akijaribu ekseli za treni nchini Ujerumani katika karne ya 19, ilhali nyuzi za kioo hazina mpaka wa wazi namna hiyo. Nyuzi za kaboni hupoteza nguvu polepole zaidi, kwa kuwa ukakamavu wake ni mara tatu hivi ya ule wa kioo na kwa sababu hiyo resini iliyo kati yake hainyumbulishwi sana, ila bei yake huzifanya zisifikiriwe kwa laini ndefu ya maji.

Mnunuzi hana haja ya kuyapima haya mwenyewe, kwa sababu kiwango cha kuyapima kipo, nacho ni kizuri. ASTM D2992 kina taratibu mbili. Ya kwanza hupandisha na kushusha presha mara 25 kwa dakika na kukadiria nguvu ya bomba katika mzunguko wa milioni 150. Ya pili huacha presha ikae bila kubadilika na kukadiria nguvu baada ya saa 438,000, yaani miaka 50. Kila utaratibu hudai vipande visivyopungua 18 vilivyoshindwa kwa muda mfupi, wa kati na mrefu, ili mstari wa makadirio usiegemee upande mmoja. Ninachokipenda zaidi ni namna kinavyotafsiri kushindwa: maji yakipenya ukuta kwa namna yoyote, iwe kwa kupasuka au kwa jasho tu, kipande hicho kimeshindwa. Kwa maneno mengine, kiwango hiki hupima nguvu ile ambayo bomba huipoteza kwanza.

Hesabu kidogo inaonyesha uzito wa jaribio lenyewe. Mara 25 kwa dakika ni mizunguko 36,000 kwa siku, kwa hiyo kufika milioni 15, sehemu ya kumi tu ya ile milioni 150, huchukua zaidi ya mwaka mzima wa mashine kutozimwa, na milioni 150 zingehitaji miaka 11 na ushee. Ndiyo sababu sehemu ya mwisho hukadiriwa kwa mstari badala ya kusubiriwa. Mtengenezaji aliyeyafanya majaribio haya amegharamika, na kwa kawaida huwa na ripoti anayoweza kuionyesha mara tu anapoulizwa. Atakayekujibu kwamba bomba lake lina nguvu mara nne ya presha ya kazi, bila kusema nguvu hiyo ni ya dakika moja au ya miaka 50, hajalijibu swali.

Jambo jingine la kuangalia katika ripoti ni utaratibu upi uliotumika. Watengenezaji wengi wana desturi ya kuukata nusu mkazo unaopatikana kwa presha tulivu ili kupata mkazo wa kusanifia, na kuutumia ule wa presha ya kurudiarudia kama ulivyo. Njia zote mbili ni halali, ila hazimlindi mnunuzi kwa kiasi kilekile. Nusu ile ni akiba ya jumla dhidi ya mambo mengi, ilhali namba ya kurudiarudia imeonja uchovu wenyewe. Kwa pampu inayowashwa na kuzimwa mara nyingi, naipendelea namba ya kurudiarudia bila kusita.

Je, mara nyingi ni ngapi? Hapa ndipo ninapoona makosa mengi zaidi. Kiwango cha ISO 14692 cha mabomba ya sekta ya mafuta na gesi, katika toleo lake la 2002, kiliweka mpaka wa mizunguko 7,000 katika maisha yote ya bomba: chini ya hapo mzigo huhesabiwa kuwa tulivu, juu ya hapo uchovu lazima uingizwe katika hesabu. Mizunguko 7,000 inasikika kuwa mingi, lakini pampu inayowashwa na kuzimwa mara moja tu kwa siku huifikisha 7,300 katika miaka 20. Laini ambayo mwenyewe anaiona imetulia kabisa tayari imevuka mpaka. Pampu ya kuwashwa mara 6 kwa siku hupitisha mizunguko 109,500 kwa miaka 50, idadi ambayo bomba lililopimwa vizuri huimudu kwa raha, kwani ile milioni 150 ni sawa na mizunguko karibu 6 kila dakika kwa miaka 50. Pampu ya pistoni ni habari nyingine. Ikipiga mara 60 kwa dakika hutoa mapigo zaidi ya milioni 31 kwa mwaka, na milioni 150 huisha kabla ya mwaka wa tano kukamilika. Ukubwa wa pigo nao una uzito wake: pigo linaloichezesha presha kwa kiasi kidogo juu ya wastani haliwezi kulinganishwa na mzunguko unaoanzia sifuri. Hata hivyo, laini ya pampu ya pistoni isiyo na chombo cha kutuliza mapigo sitaithibitisha kwa bomba hili.

Nikubali kwa furaha kwamba katika suala la mshindo wa maji bidhaa hii inanishawishi kuliko zote. Vali inapofungwa ghafla au umeme unapokatika, presha hupanda kwa kiasi kinachotegemea mabadiliko ya mwendo wa maji na kasi ya wimbi la presha ndani ya bomba. Uhusiano huo uliwekwa wazi na mwanasayansi Mrusi Nikolai Joukowsky mwaka 1898. Katika bomba la chuma wimbi hilo husafiri kwa takriban mita 1,000 hadi 1,200 kwa sekunde. Katika bomba la nyuzi za kioo, ambalo ukuta wake hutanuka kwa urahisi zaidi, kasi hiyo mara nyingi huwa kati ya mita 350 na 600. Maji yaliyokuwa yakienda mita moja kwa sekunde yakisimamishwa papo hapo, chuma hupata nyongeza ya presha sawa na kina cha maji cha mita 100 au zaidi, na bomba la nyuzi za kioo hupata takriban mita 60 au pungufu, pengine chini ya 40. Kila pigo huanza likiwa dogo, na faida hiyo hujirudia katika kila mzunguko wa maisha ya bomba. Mwongozo wa M45 wa AWWA, chama cha Marekani cha huduma za maji, huruhusu presha ya kazi pamoja na mshindo kufika mara 1.4 ya daraja la presha la bomba, lakini nafasi hiyo imetengewa matukio ya nadra. Mtu anayeitumia kila asubuhi pampu inapowashwa ameigeuza dharura kuwa mzigo wa kawaida.

Kuhusu pembe ya nyuzi nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoamua resini itabeba mzigo kiasi gani. Katika bomba lililozibwa ncha zote mbili, mkazo wa kulizunguka ni mara mbili ya mkazo wa kwenda na urefu wake. Ukizitaka nyuzi peke yake zibebe mikazo hiyo miwili kwa uwiano huo, hesabu hutoa pembe ya digrii 54.7 kutoka kwenye mhimili, na ndiyo maana sokoni mabomba ya presha ya digrii 55 ni mengi. Yakitumika hivyo, resini hubaki na kazi ndogo na uchovu huchelewa. Lakini bomba lilelile likiwekwa ardhini kwa viungio vya soketi na raba, mvuto wa kwenda na urefu haupitishwi na ukuta, uwiano hubadilika, na nyuzi zilizopangwa kwa mizigo miwili sasa zinavutwa upande mmoja tu, huku resini ikilazimika kuzishikilia zisijipange upya. Hapo bomba lenye nyuzi zilizokaribia kulizunguka moja kwa moja ni chaguo bora. Likiwekwa juu ya vishikizo vilivyo mbalimbali mno, kila ujazo na uondoaji wa maji huliinamisha na kuliinua, na mkazo wa kuinama huenda na urefu, upande ule ambao nyuzi za digrii 55 zina nguvu ndogo. Nimeona laini zilizotoa jasho upande wa chini, katikati ya vishikizo viwili, ilhali sehemu nyingine zote zilikuwa kavu. Presha haikuwa na hatia. Nafasi ya vishikizo ndiyo iliyokosewa.

Resini yenyewe inastahili swali moja kwa muuzaji: hunyumbuka kwa kiasi gani kabla ya kupata ufa? Epoksi na vinilesta kwa kawaida huvumilia zaidi ya poliesta ya kawaida, na tofauti hiyo huonekana zaidi katika mzigo wa kurudiarudia kuliko katika jaribio la kupasua. Tabaka la ndani lenye resini nyingi na pazia jembamba la nyuzi huchelewesha jasho, kwa kuwa ufa wa ukuta wa kubebea mzigo hauyafikii maji hadi tabaka hilo nalo lipasuke. Ni muhimu pia kwa sababu maji yakiingia katika ufa hudhoofisha mshikamano wa kioo na resini, na yakiwa na asidi huishambulia nyuzi ya kioo yenyewe ikiwa chini ya mkazo. Kwa majitaka na kemikali, nyuzi zisizo na boroni ndizo za kudai. Kukomaa kwa resini kiwandani nako kusichukuliwe kwa mazoea, maana resini ambayo haikukomaa vizuri huanza maisha yake ikiwa tayari imechoka.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii, kwa maoni yangu, iko kwenye viungio na viwiko. Ukuta wa bomba hutengenezwa na mashine, kwa pembe na unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiungio cha gundi hutengenezwa shimoni, na fundi aliyeinama, wakati mwingine vumbi likipeperuka na jua likiikausha gundi kabla ya wakati. Presha inapopanda na kushuka, ncha za kiungio hubeba mkazo mkali kuliko katikati, na hapo ndipo mbanduko huanza. Mara nyingi ripoti ya majaribio huwa ya bomba tupu. Dai ripoti ya bomba pamoja na kiungio chake, na kama hakuna, chukulia kwamba nguvu ya laini yako haijulikani hata kama ya bomba inajulikana.

Kuna tahadhari ya mwisho kwa wahandisi wanaopenda kujumlisha. Kanuni ya Palmgren ya 1924, iliyoendelezwa na Miner mwaka 1945, hukusanya uharibifu wa kila kundi la mizunguko kwa kujumlisha sehemu zake, nayo huchukulia kwamba mpangilio wa mizigo hauna athari. Katika ukuta wa nyuzi za kioo mpangilio una athari. Presha moja kubwa mwanzoni, kama ile ya jaribio la kupokea laini lililopitiliza, hufungua nyufa ambazo mizunguko midogo ya baadaye huzikuza, ilhali mizunguko hiyohiyo midogo isingezianzisha yenyewe. Kwa sababu hiyo napinga tabia ya kuongeza presha ya jaribio ili kuwa na uhakika zaidi. Kama uhakika unahitajika, kusikiliza ukuta kwa vihisio vya sauti ni njia bora: ukuta mzima hukaa kimya hadi presha izidi ile kubwa iliyowahi kuupata, tabia iliyogunduliwa katika metali na Joseph Kaiser mwaka 1950, na ukuta ulioharibika huanza kutoa milio kabla ya kufika hapo.

Kwa laini ya maji yenye pampu za kuzunguka, inayowashwa mara chache au mara nyingi kwa siku, iliyochaguliwa kwa ripoti ya presha ya kurudiarudia na kutandazwa na mafundi wenye cheti cha viungio vya mtengenezaji, ninalipa bomba hili alama ya juu kabisa na ningelichagua kabla ya chuma. Kwa pampu ya pistoni bila kituliza mapigo, kwa laini ya juu ya ardhi ambayo vishikizo vyake havijahesabiwa, na kwa muuzaji mwenye namba ya kupasua tu, ningelikataa hata likipunguzwa bei.